Je, nijilipie mafunzo ya mjini, au nisubiri kupelekwa na kituo?

Muuguzi, Kasese
Wenzangu, salaam. Nafanya kazi katika kituo cha afya cha daraja la tatu, na muda wa kuhuisha leseni yangu unakaribia. Baraza la Wauguzi na Wakunga la hapa Uganda linataka tuonyeshe kwamba tunaendelea kujifunza, lakini semina za nje huendewa na walewale wawili ambao mkuu wa kituo anayajua majina yao kwa kichwa. Sasa kuna mafunzo ya Jumamosi na Jumapili mjini Fort Portal, kuhusu kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Ada, nauli na malazi vyote ni juu yangu, na mshahara ni huu tunaoujua. Je, niende?

Mkunga, Gulu
Dada, kabla hujalipa hata shilingi, uliza kama Baraza linayatambua mafunzo hayo, kisha uulize kama mtashika mwanasesere wa mazoezi na mfuko wa kupumulishia kwa mikono yenu au mtatazama picha ukutani. Mtoto aliyekaushwa na kusuguliwa mgongo asipopumua, anapaswa kuanza kupumulishwa ndani ya dakika ya kwanza, na dakika hiyo haina nafasi ya kukumbuka yaliyo daftarini. Mimi nilifaulu somo hilo chuoni, lakini siku ya kwanza nilipoweka barakoa ya mfuko huo usoni pa mwanasesere, hewa ilivujia pembeni na kifua hakikuinuka kabisa, mpaka mkufunzi alipoirekebisha shingo kwa vidole viwili tu.

Mpanga zamu, Mbale
Tunalaumiwa kwa upendeleo, na mara nyingine kwa haki. Hata hivyo, kituo chenye wauguzi watatu, mmoja akiwa likizo ya uzazi, kikimruhusu wa pili aondoke hubaki na mtu mmoja wa wodi na chumba cha kujifungulia. Tafuta mwenzako wa kubadilishana naye zamu, mwandike barua kabla ratiba ya mwezi haijabandikwa, na ni vigumu mkuu wako kukukatalia. Wengi huniletea ombi jioni ya kuamkia safari, tena wakiuliza posho kwanza (ya fedha, si ugali tunaouita posho na kuula na maharagwe).

Muuguzi, Arua
Ushauri wenu ni mzuri, ila sikubali kwamba mzigo huu ni wa muuguzi peke yake, kwa sababu mafunzo yanayodaiwa na leseni ni sehemu ya kazi. Ebola ilipozuka Mubende mwaka 2022, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa waliofariki. Nani atasema kwamba kujua kuvua mavazi ya kujikinga bila kujiambukiza ni starehe ya mtu binafsi? Wilaya itenge fedha hizo katika bajeti.

Muuguzi, Kasese
Asanteni. Nimempigia mratibu wa mafunzo, naye amesema Baraza linayatambua na kila washiriki wanne watakuwa na mwanasesere mmoja. Mwenzangu amekubali kunishikia zamu ya Jumamosi. Ya Jumapili bado natafuta mtu.