Acheni kuwapotosha waundaji wa gemu wachanga kwa ushabiki wa lugha za programu

Ndugu wadau,

Nimechoka, na hasira yangu sitaificha. Kila anayeuliza aanzie wapi kuunda gemu akiwa peke yake, bila kampuni wala mfadhili, huambiwa ajifunze C++ kwa kuwa ndiyo lugha ya wataalamu. Nami niliambiwa hivyo, nikatii. Nilimaliza miezi 14 nikiandika injini yangu mwenyewe, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, nikihangaika na kumbukumbu ya kompyuta inayojaa bila kuachiliwa na programu inayojifunga bila kueleza sababu, na mwisho wake nilikuwa na mraba mmoja unaotembea kwenye skrini. Gemu sikuwa nayo.

Ushahidi uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuona. Gemu ya Stardew Valley, iliyotoka mwaka 2016, iliundwa na Eric Barone peke yake kwa lugha ya C#. Undertale ya mwaka 2015 ilijengwa kwa GameMaker, zana ambayo washauri hawa huiita ya watoto. Balatro ya mwaka 2024 imeandikwa kwa lugha ya Lua, na Minecraft ilianza kwa Java, lugha ambayo nimeshaambiwa mara nyingi kwamba ni nzito mno kwa gemu. Katika gemu ndogo ya mtu mmoja, kinachoisha kwanza ni muda na moyo wa muundaji, wala si nguvu ya lugha aliyoichagua.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba swali lenye uzito haliulizwi kabisa: zana hiyo ni mali ya nani, na gemu itauzwa wapi? Waliojenga kazi zao kwa Flash, zana ya gemu na katuni za kwenye tovuti, waliona Adobe ikiacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na tarehe 12 Januari 2021 kicheza Flash chenyewe kikaanza kukataa kuzifungua. Waliotegemea XNA, zana ya Microsoft ya kuundia gemu, nao waliachwa mwaka 2014, na kama si watu waliojitolea kuendeleza MonoGame, zana huria inayofuata mfumo wa XNA, msimbo wao ungekosa pa kwenda. Kisha, Septemba 2023, kampuni ya Unity, yenye injini ya gemu ya jina hilo, ikatangaza ada ya kila usakinishaji kwa gemu zitakazovuka kiwango fulani cha mapato na idadi ya usakinishaji, zikiwemo zile zilizokwisha kutoka. Najua ada hiyo ilifutwa Septemba 2024; lakini aliyekuwa katikati ya mradi wa miaka mitatu alikuwa amekwisha kukesha akipiga hesabu upya, na kukesha huko hakuna aliyemfidia.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza injini ya gemu ya Godot inapobezwa. Tangu mwaka 2014 msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha bure, na toleo ulilo nalo leo hakuna mwenye kampuni atakayekupokonya kesho. Kasoro inayo: masharti ya siri ya watengenezaji wa konsoli (mashine za gemu kama PlayStation) hayaruhusu msimbo wa kuzihudumia kuwekwa hadharani, kwa hiyo anayetaka kufika huko atamlipa mtu wa kumhamishia gemu au ataifanya kazi hiyo mwenyewe. Mshauri mwaminifu angelisema hilo mapema. Angesema pia kwamba gemu ya iPhone huhitaji kompyuta ya Mac, iwe yako au ya kukodi, pamoja na dola 99 kila mwaka kwa Apple. Kwamba Google Play hutoza dola 25 mara moja tu. Na kwamba Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, huchukua dola 100 kwa kila gemu, kisha kwa kawaida asilimia 30 ya mauzo. Mtu anaweza kubishana kuhusu kasi ya lugha mwaka mzima asikutane na hata moja kati ya gharama hizi.

Basi anayetaka kumwambia mchanga mwingine aanze na C++ ataje kwanza hapa chini gemu aliyoikamilisha kwayo akiwa peke yake, ilimchukua muda gani, na aliiuza kwenye jukwaa lipi. Nitasoma kila jibu.