Pafyumu ya matunda na maua kwenye joto hili: tupeane uzoefu

Habari zenu wadau. Nililetewa zawadi ya pafyumu, chupa ya rangi ya waridi, harufu yake pichesi na asmini. Usiku niliijaribu chumbani nikajipenda mwenyewe. Jumatatu asubuhi nikajipulizia mara sita, nikapanda daladala Mbagala kwenda Posta. Januari ya Dar mnaijua: nyuzi 32 na ule unyevu unaogandisha blauzi mgongoni kabla hujafika kituoni. Tulipofika Mtongani kichwa kinagonga, na harufu si ya maua tena, imekuwa kama juisi iliyolala. Konda akanitazama: "Dada, umemwagikiwa na nini?" Gari zima likacheka. Ofisini mwenzangu alifungua madirisha yote bila kusema neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sitaki kuigawa, ni zawadi. Nyie mnaovaa aina hizi mchana wa jua mnafanyaje? Leteni yaliyowakuta wenyewe, siyo "nasikia".

Mpimaji wa Kariakoo:
Pole dada. Mimi nauza manukato ya kupima, na kesi yako naipata kila kiangazi. Sita ni nyingi hata kwa baridi ya Makete. Ngozi ikipata moto, spiriti na zile harufu nyepesi zinaruka haraka. Matunda ndiyo hutangulia kutoka, maua yanafuata, mwishoni inabaki vanila na miski imeshikana na jasho lako. Kilichokuumiza Mtongani ni vyote kupanda kwa pamoja ndani ya gari lililojaa watu.

Soma pia chupa. Ikiandikwa eau de parfum, ina mafuta ya harufu mengi kuliko eau de toilette. Kwa jua hili mchana wapelekee hiyo ya pili.

Na msidanganyike, hilo pichesi si la Lushoto. Pichesi halikamuliki mafuta ya harufu kama ndimu au chungwa, linaundwa maabara. Siyo kasoro, ila mteja anayeniambia "nataka ya asili tupu, yenye pichesi" huwa namtazama tu.

Jambo moja ninalowaomba wateja wangu: usinunue kwa kunusa kizibo. Pulizia mkononi, zunguka sokoni ukatafute vitenge vyako, urudi baada ya saa moja. Nusu yao hawarudi, na ni sawa kabisa.

Kaka wa Boda:
Mimi nilijipulizia ya mke wangu gizani nikidhani ni yangu. Siku nzima abiria wananiita shemeji. Naendelea kusoma uzi.

Mlina Asali:
Yangu haihusu daladala. Nipo Sikonge, nafuga nyuki. Jumamosi nilikuwa harusini, nimejipulizia kitu chenye harufu ya ndizi mbivu na maua. Jumapili nikaenda kwenye mizinga na shati lilelile. Nyuki wale wale ninaowafungua kila mara, siku hiyo walinifukuza mpaka kwenye baiskeli. Nilichomwa shingoni na masikioni, jicho moja likafumba siku mbili.

Mzee aliyenifundisha kazi alininusa tu, akacheka. Nyuki akichoma anaachia harufu ya kuwaita wenzake, na harufu hiyo inafanana kabisa na ndizi mbivu. Sitaapa kwamba kosa lote ni la pafyumu, jua nalo lilikuwa kali na nyuki hawapendi kusumbuliwa saa hizo. Lakini tangu siku ile naenda mzingani nanuka moshi tu.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo:
Wanangu, mnahangaika bure. Sie Unguja maua tumeyavaa tangu hizo chupa hazijaja. Asmini inachumwa jioni ingali tumba, inafumbuka usiku, ndipo inaponukia. Kikuba tunakitunga kwa asmini, rihani na mkadi, ukakivaa nyweleni au kifuani jua likishatua. Umemwona nani anakwenda Darajani saa saba mchana na kikuba? Huyo langilangi mnayemnunua kwa bei ndani ya chupa za Ufaransa, ndugu zetu wa Nzuwani, huko Komoro, wanamkamua kwa mvuke siku nyingi.

Mchana koga, jifute ukauke, kisha fukiza nguo zako udi kidogo, basi. Hiyo pichesi yako iweke ya jioni. Na usijipulizie juu ya jasho, mwanangu, harufu haifichi jasho, inalitangaza.

Nipo Maskati:
Shikamoo Bi Mkubwa. Huku Juni inafika nyuzi 45, na mimi napenda hizo hizo za matunda. Nje zinapotea kabla sijafika kwenye gari, nikiingia ndani kwenye kiyoyozi hakuna aliyelalamika. Nilichojifunza kwa wenyeji: dishdasha, kanzu ya Oman, ina kishada shingoni, furakha, na hicho ndicho wanachokitia manukato. Kitambaa hakitoi jasho, kwa hiyo harufu inatoka polepole. Mimi sina furakha, natia ncha ya mtandio. Angalieni hariri na nguo nyeupe, mtandio wangu wa kwanza ulibaki na doa la njano mpaka leo.

Shingo ya Mwanza:
Niongezee la ngozi. Nilikuwa napulizia shingoni kila asubuhi halafu natembea juani kwenda kazini. Ikaniota michirizi myeusi, kama maji yaliyotiririka. Daktari wa ngozi akaniuliza swali moja tu: unapaka nini hapo? Akasema baadhi ya mafuta ya jamii ya ndimu, hasa bergamoti, yakipigwa na jua yanaunguza ngozi. Michirizi ilichukua miezi kufifia. Shingo yangu sasa inapata sabuni na losheni tu, pafyumu naipeleka kwenye nguo.

Mwenye uzi:
Ahsanteni sana, na Bi Mkubwa shikamoo. Nimejaribu wiki nzima. Asubuhi naoga, nakausha vizuri, napulizia mara moja kwenye pindo la sketi, basi. Chupa nimeitoa dirishani, ipo kabatini pamoja na vitenge. Ijumaa jioni nilikuwa na shughuli, nikajiachia mara tatu, na yule mwenzangu wa madirisha ndiye aliyeniuliza nimeinunua wapi. Sijamjibu bado.

Jana nimekutana na konda yuleyule. Hakusema kitu. Mama niliyekaa naye ndiye aliyegeuka akauliza, "Binti, umebeba maembe?"

Nilikuwa nimebeba. Mawili, dodo.