Naomba ushauri: mpango wa maghorofa mtaani kwetu Ngamiani

Habari zenu wakuu. Nyumba ya marehemu babu iko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba. Ya chini, vyumba sita, ukumbi katikati, choo cha shimo uwani. Juzi kwenye mkutano wa mtaa tukaambiwa viwanja viunganishwe, yajengwe maghorofa. Wazee wamegoma. Mimi sichukii maghorofa, ila choo chenyewe masika kinafurika. Watu wakiongezeka mara tano itakuwaje?

Najua Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe. Je, pingamizi tuandike kwa pamoja au kila mwenye kiwanja na lake? Na sisi ambao mirathi haijafunguliwa, tutasikilizwa kweli? Shangazi anasema tunyamaze, tusije tukajichongea.