Mita tumesikia, lita ziko wapi? Uzi wa malalamiko ya kiwanja chetu cha ndege kaskazini

Wadau, kila uchaguzi ukikaribia kiwanja chetu huku kaskazini mwa Uganda kinapewa ahadi ileile: kitarefushwa, kitawekwa lami mpya, kitaitwa cha kimataifa. Sikitaji jina, wanaokitumia watakijua. Mheshimiwa anakunjua ramani, anataja mita, watu wanapiga vigelegele. Hakuna anayeuliza lita. Mita bila lita ni uwanja wa mpira.

Lita ninazosema ni za zimamoto. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kila kiwanja hupewa daraja la zimamoto kwa kufuata urefu na unene wa ndege kubwa inayokitumia. Cessna Grand Caravan, kile kindege kidogo, ina urefu wa mita 12.7, hiyo ni daraja la 3: lita 1,200 za maji ya kutengenezea povu la kiwango B. ATR 72, ndege ya propela iliyo kubwa zaidi, ina mita 27, daraja la 5: lita 5,400. CRJ900, zile jeti ambazo Uganda Airlines ilirudi nazo angani Agosti 2019, zina mita 36, daraja la 6: lita 7,900, na hapo magari yawe mawili. Kuna nafuu: ndege za ukubwa huo zikiruka na kutua jumla ya mara zisizofika 700 katika ile miezi mitatu mfululizo yenye shughuli nyingi kuliko yote, kiwanja kinaruhusiwa kushuka daraja moja. Sawa, tuchukue nafuu. ATR inashuka daraja la 4 na bado inataka lita 2,400, povu la akiba stoo, na gari linaloweza kufika ncha yoyote ya njia ya kurukia na kuanza kumwaga povu ndani ya dakika 3.

Sasa njooni mtazame tulicho nacho. Pikapu moja yenye tangi mgongoni. Betri yake ndiyo hiyohiyo inayowasha jenereta ya ofisi, kwa hiyo umeme ukikatika inang'olewa. Madumu ya povu yana tarehe iliyofutika, na povu lililolala juani miaka hujitenga, la juu maji, la chini uji, haliumuki tena. Geti la banda lina kufuli, ufunguo uko kwa askari wa zamu, na zamu yenyewe iko lango la mbele. Dakika 3 zinaishia kwenye kumtafuta askari. Kampuni yenye ATR haihitaji kuambiwa na mtu: inasoma daraja lililotangazwa, bima yake nayo inasoma, mazungumzo yamekwisha. Ndiyo maana mwaka baada ya mwaka tunaletewa Caravan, nauli haishuki, halafu tunaambiwa soko halipo.

Na hizo mita zenyewe zinatajwa kwa kudanganyana. Husemwa ATR inaruka kwa mita 1,300, kwa hiyo 1,700 zinazotajwa ni za kumwaga. Mita 1,300 ni za usawa wa bahari, joto la nyuzi 15. Kiwanja chetu kiko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, bawa na injini vyote vinapata kidogo. Hesabu ya mpangaji wa kiwanja (si ya rubani, rubani ana jedwali zake) ni kuongeza asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko. Hapo ni asilimia 28, tumefika 1,664. Kisha asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto iliyozidi joto sanifu la mwinuko huo, ambalo ni kama nyuzi 7. Februari mchana huku ni 30, haya, ongeza asilimia 23: mita 2,050 hivi. Na mwongozo wenyewe wa ICAO unasema nyongeza hizo mbili zikipita asilimia 35 kwa jumla, msitegemee kanuni, fanyeni uchunguzi maalumu wa mahali pale. Sisi tumepita 57. Uchunguzi uko wapi? Njia ikiwa fupi ndege itaruka, ndiyo, lakini kwa kuacha uzito chini. Uzito huo ni viti vitupu, na ni begi lako linaloletwa keshokutwa.

Mkirefusha, mnarefusha kuelekea wapi? Baada ya mwisho wa njia kuna ukanda wa mita 60, halafu eneo la usalama la mita zisizopungua 90, na kwa njia ya ukubwa huu inapendekezwa ziwe 240. Upande mmoja kuna barabara, upande wa pili mihogo ya watu ambao hawajalipwa. Katiba, ibara ya 26, inataka fidia ya haki ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa. Wapimaji wamekwisha kupanda vigingi, hela haijaonekana.

Uzio. Nguzo zipo, waya umeuzwa. Bodaboda wamejichongea njia ya mkato katikati ya lami na mbuzi wanalala juu yake kwa sababu inashika joto. Rubani anapita chini mara moja kuwafukuza, anazunguka, ndipo anatua, na mafuta ya mzunguko huo yanaingia kwenye nauli yako. Kwato na matairi yanabeba changarawe kutoka pembeni hadi maegesho ya ndege. Kokoto ndogo tu ikinyonywa na propela inamega ukingo wa mbele wa pangaboi, fundi inambidi aufuate kwa tupa mpaka mmego ulainike usije ukawa ufa, na ukizidi kina kinachoruhusiwa ndege inalala. Dawa yake ni watu wanne, mafagio, na kutembea njia nzima kabla ya kila ndege. Hiyo nayo inasubiri mkopo wa nje?

Mfuko wa upepo ndio ulionifanya nifungue uzi huu. Kanuni: urefu usipungue mita 3.6, mdomo usipungue sentimita 90, uonekane kutoka mita 300 angani. Wetu umebaki mdomo na nyuzi. Beringi imeshika kutu, haizunguki, kwa hiyo mlingoti unaonyesha upepo wa kusini siku zote, hata vumbi likienda upande mwingine kabisa. Rubani mgeni akiuamini anatua na upepo mgongoni, breki zinamaliza njia. Kitambaa cha nailoni cha rangi ya chungwa na nyeupe, beringi mpya, grisi. Mshona mahema yeyote wa sokoni anaumaliza kwa siku moja. Miaka inapita.

Taa hakuna, kwa hiyo jioni saa moja kasorobo jua likizama kiwanja kimefungwa. Mvua ya ziwani ikichelewesha ndege Entebbe, safari imekufa, na mgonjwa wa usiku ni wa barabarani. Njia ya mita 2,000 yenye taa kila mita 60 inataka taa 68 za kingo, kijani za mwanzo, nyekundu za mwisho, na PAPI za kuonyesha mteremko wa kushukia. Taa za sola za kubebeka zipo duniani.

Mafuta: Jet A-1 haiuzwi hapa, ndege inakuja na ya kurudia. Caravan hula karibu kilo 150 kwa saa. Kutoka Entebbe ni saa moja na robo, basi kilo 190 za kurudia zimepanda nayo tangu asubuhi. Hao ni abiria wawili na mabegi yao waliobaki. Halafu ukifika mizani unaambiwa umezidi kilo 15, ulipe. Mizani ile haina stika ya UNBS, shirika la viwango, ya mwaka huu! Msilipe kabla ya kuonyeshwa stika.

Choo sitakisemea.

Kuhusu jina la "kimataifa": ndege ya Juba haiwezi kuja moja kwa moja mahali pasipo na Uhamiaji, forodha ya URA (mamlaka ya mapato) na afya ya mipakani kila siku ya safari. Na urefu peke yake haukuzi kiwanja. Gulu ina lami ya zaidi ya mita 3,000 tangu zamani, haijawa Entebbe. Kabalega kule Hoima imejengewa mita 3,500 kwa sababu kulikuwa na mizigo ya miradi ya mafuta ya kubeba. Walianza na kazi, wakapima njia kwa kazi hiyo.

NYONGEZA: Ndugu uliyejibu kwamba barabara kwanza, ndege ni za matajiri. Mwaka 2024 daraja la Karuma, la kuvukia Nile kuja kaskazini, lilipofungwa kwa matengenezo, damu, dawa na wagonjwa vilizungushwa kwa njia ndefu. Kiwanja kinachofanya kazi ni cha siku kama zile pia.

Na kwa waliouliza tufanye nini: Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005 inamruhusu raia kuomba kwa maandishi, ofisi ina siku 21 za kujibu. Msiombe "mpango wa maendeleo", mtapewa picha za rangi. Ombeni daraja la zimamoto lililotangazwa na tarehe gari lilipopimwa mwisho kwa kumwaga povu. Orodha ya fidia yenye waliolipwa na ambao bado. Na mkataba wa uzio, mita ngapi zililipiwa. Atakayeandika aweke nakala yenye muhuri wa mapokezi hapa, tuhesabu siku pamoja.