Nataka kukaa winta nzima jangwani Arizona na kitrela kidogo, niko peke yangu. Naombeni ushauri

mama_tanga_mn
Habari zenu wapendwa. Mimi mama wa Tanga ila naishi Minneapolis, watoto washakua wamehama, na kazi yangu ni ukalimani wa simu, Kiswahili na Kiingereza, yaani nafanyia popote palipo na mtandao na utulivu. Baridi ya huku imenichosha jamani, magoti yanauma kuanzia Novemba mpaka Aprili, kusukuma theluji ndio usiseme. Sasa nimenunua kitrela cha fiberglasi cha futi 13, mtumba lakini hakivuji, kina kitanda, jiko la gesi la plati mbili na sinki, choo hakina, na gari langu linakivuta bila shida. Nataka nishuke Arizona kabla ya Desemba nirudi Aprili, nasikia kuna mji mdogo wa jangwani unaitwa Quartzsite wastaafu wanajaa na matrela yao. Mwanamke peke yake akae wapi pa salama na pa bei nafuu, usiku baridi ikoje, maji napata wapi? Dada yangu nyumbani anasema nimechanganyikiwa, mtu mzima kwenda kulala porini. Aliyewahi anisaidie.

bibi_wa_jangwani
Karibu mama Tanga. Mimi ni mjane, nashuka huko kila winta na kitrela cha saizi hiyo hiyo. Mwaka wa kwanza usijitafutie kona ya bure mbali na watu. Ardhi ya serikali iliyo chini ya Bureau of Land Management sehemu nyingi ni bure kweli, lakini mwisho siku 14 ndani ya siku 28 halafu uhame, na mgeni kuhamahama peke yake inachosha sana. Wewe nenda La Posa, kusini tu ya mji wa Quartzsite kwenye barabara ya US 95. Ni zile sehemu zinaitwa Long Term Visitor Area, unakata kibali kimoja unakaa kuanzia tarehe 15 Septemba mpaka 15 Aprili, kwa miaka mingi kimekuwa dola 180 msimu mzima au dola 40 kwa siku 14, bei ya mwaka huu iangalie kabla hujatoka. Kuna bomba la maji, pa kumwaga majitaka na pa kutupa taka. Na kwa vile trela lako halina choo sheria inakutaka uegeshe ndani ya futi 500 kutoka kwenye vyoo vya kambi, na kwako hiyo ni faida maana hapo watu wanapita muda wote.

Baridi sasa. Quartzsite iko chini, kama mita 270 tu kutoka usawa wa bahari, ndio maana watu wanakimbilia pale na sio mji wa Flagstaff, kaskazini mwa Arizona, ambako ni zaidi ya mita 2,100 na theluji inaanguka vizuri tu. Mchana wa Januari unapata nyuzi 18 mpaka 20, fulana inatosha, ila jua likizama tu joto lote linaondoka nalo, usiku inashuka mpaka 5 na kuna siku inagusa sifuri. Duveti nene, hita ndogo ya gesi jioni na asubuhi, ukilala ZIMA. Nasisitiza hapa kwa sababu chumba chenyewe ni kidogo mno, hita inakula hewa na inaweza kutoa kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, kwa hiyo nunua kengele yake ya betri na kila ukiwasha fungua dirisha kidogo na tundu la juu. Hata bila hita usifunge kila kitu, utaamka kuta zinatiririka maji ya pumzi yako na godoro linaota ukungu kwa chini.

Beba kitana cha meno mapana. Kuna mmea wa miiba, aina ya dungusi kakati, unaitwa cholla, vipande vyake vinanasa kwenye kiatu au mguu, ukivuta kwa mkono vinahamia mkononi. Chomeka kitana kati ya ngozi na kile kipande ukirushe mbali.

dereva_i10
Shikamoo mama. Mi napiga roli huko kila mara. Ukitoka Minneapolis watu watakwambia shuka na barabara kuu ya I-35 halafu ushike I-40 moja kwa moja, usiwasikilize kama ni mwisho wa Novemba, I-40 inakupitisha hapo hapo Flagstaff na trela jepesi kwenye barafu sio kitu cha kujaribu. Ukifika Wichita shika US 54 inateremka Tucumcari, Alamogordo mpaka El Paso, pale unaingia I-10 kuelekea magharibi. Ni mbali kidogo ila ni ya chini na imetulia. Angalizo kati ya Lordsburg na Willcox, kuna tambarare kavu pale upepo ukivuma vumbi linaziba barabara ghafla, huoni hata boneti yako. Ukiliona mbele usiingie. Likikukuta toka nje kabisa ya lami, simama, zima taa ZOTE na toa mguu kwenye breki, maana ukiacha taa za nyuma zinawaka wa nyuma yako anazifuata akidhani upo barabarani anakuja kukugonga.

Na tairi za trela usiangalie meno, angalia umri. Ubavuni tafuta herufi DOT, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2317 maana yake wiki ya 23 mwaka 2017. Hizo toa hata kama zinang'aa, trela la mtumba limekaa uani miaka na jua limeshakula mpira. Beringi zitiwe grisi. Maji usiweke kabisa kwenye tangi wala mabomba mpaka uvuke huko kwenye barafu, yatapasuka.

kaka_mkubwa_dmv
Dada yangu kwa heshima zote mi siafiki. Mwanamke, mweusi, lafudhi ya kigeni, peke yake jangwani na watu wasiomjua. Likitokea la kutokea nani atajua? Si bora ukodi chumba Phoenix miezi hiyo, kuna Waswahili kibao?

mama_tanga_mn
Kaka nakuelewa na nimeliwaza sana hilo. Ila chumba Phoenix miezi minne mitano pamoja na kodi ya hapa siwezi. Na mi napenda kukaa nje, nimekulia pwani, nikifungiwa ndani naumwa.

bibi_wa_jangwani
Kaka swali lako ni la haki na sitalipuuza. Mimi pia mweusi. Majirani wengi pale ni wazee wa Kizungu, wengine wanasalimia na wengine wanakukodolea macho tu, lakini siku ya tatu ukishachukua maji nao bombani wanajua hilo ni trela la nani na gari lisipoonekana wanauliza. Ndio maana nasema kambi kubwa na sio kona ya bure. Wanawake wanaosafiri peke yao ni wengi, jioni utawaona wamekaa pamoja wanakunywa chai. Mimi nina mtu mmoja namtumia ujumbe kila jioni saa 1, nisipotuma anajua ni wapi aanzie kunitafuta. Egesha pua ya gari ikielekea njia ya kutokea, hata usiku uondoke bila kurudi rivasi. Na korongo kavu lenye mchanga laini ulio sawa usilale ndani yake hata liwe limejificha na upepo vipi, mvua ikinyesha milimani mbali huko maji yanakufikia wewe ukiwa unaona nyota.

muuguzi_tucson
Mama yangu pole na karibu, sisi Wakongomani tuko wengi hapa Tucson na Phoenix, ibada za Kiswahili ziko. Naongeza la afya sababu watu hawalisemi. Vumbi la Arizona lina kuvu inaleta ugonjwa wa valley fever, unavuta hewa tu inaingia kwenye mapafu. Wengi hawahisi kitu au wanakohoa kidogo, lakini sisi watu weusi, na wenye kisukari au kinga dhaifu, ikitukamata ina hatari zaidi ya kusambaa mwilini. Haiambukizi mtu kwa mtu. Siku za upepo kaa ndani, vaa barakoa, na ukirudi Minnesota ukaanza kikohozi, homa, jasho la usiku na uchovu wa wiki nyingi, MWAMBIE daktari ulikuwa Arizona, bila hivyo atafikiria nimonia au TB na hatapima damu yako kutafuta kuvu hiyo.

Ingine ni karatasi. Kusini kule barabarani kuna vizuizi vya Border Patrol, askari wa mpakani, hata kama hujavuka mpaka. Kama una grini kadi, ile ya ukaazi wa kudumu, tembea nayo yenyewe, sheria inataka mtu mzima awe nayo muda wote. Wazungu wengi wanavuka kwa miguu kwenda Los Algodones upande wa Mexico, karibu na Yuma, kutengeneza meno kwa bei ndogo, ukitaka kwenda hakikisha una pasipoti na hiyo kadi kabla hujavuka, kurudi ndio kazi.

mama_tanga_mn
Allah awabariki nyote, naandika kila kitu. Hiyo ya vumbi sikuwahi kuisikia kabisa. La mwisho, kazi. Mteja akiwa hospitali siwezi kumkatikia katikati.

bibi_wa_jangwani
Kwanza saa. Winta Arizona iko nyuma ya Minnesota kwa saa moja, halafu Machi nyie mkisogeza saa mbele Arizona haisogezi, tofauti inakuwa saa mbili, panga zamu zako mapema. Mtandao wa simu Januari unazidiwa mchana maana mji unafurika kwa maonyesho ya matrela, wengi sasa wanatumia Starlink, mtandao wa setilaiti, na kwa kazi yako ningeiweka iwe ya kwanza na simu iwe akiba. Sola paneli ya wati 200 ya kusimamisha chini, ielekeze kusini na uiinamishe sana kwa sababu jua la winta liko chini, na betri ya lithiamu ya 100Ah, ila hiyo usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, iweke ndani ya trela. Jenereta za majirani zinatakiwa kuzimwa saa 4 usiku mpaka 12 asubuhi, mchana zinanguruma, kwa hiyo kabla hujashusha miguu ya trela tembea kwa mguu uone nani ana sola na nani ana jenereta, ndio uchague pa kukaa.

Na ukishapanga nenda makaburini pale mjini, kuna piramidi ya mawe yenye ngamia juu. Amezikwa Hadji Ali, mchunga ngamia walioletwa na jeshi la Marekani, alifika 1856 na kufariki 1902, Wamarekani walishindwa jina wakamwita Hi Jolly. Ukifika Las Cruces niandikie inbox, nikuelekeze upande gani wa La Posa vyoo ni visafi.