Mjadala: Upande wa baba una majina mawili tayari, la kwanza litoke kwa mama

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, kamwene, ugonile. Naomba tujadili jambo linalogombanisha watu kila mtoto anapozaliwa: jina la kurithi litoke kwa nani?

Desturi katika familia nyingi tunaijua. Mtoto wa kwanza akiwa wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba, akiwa wa kike anapewa la bibi mzaa baba. Upande wa mama unasubiri mtoto wa tatu au wa nne, na siku hizi wengi tunaishia wawili. Msimamo wangu ni kwamba kama jina la kwanza ni la kurithi, upande wa mama ndio uanze kuulizwa. Nasema hivi nikiwa mwanaume, Mnyakyusa, na wazee wangu nawaheshimu.

Sababu yangu kubwa iko kwenye karatasi. Tazama cheti cha kuzaliwa, tazama kitambulisho cha NIDA, tazama cheti cha kidato cha nne. Mtanzania anaandikwa majina matatu: lake, la baba yake, na la babu yake au la ukoo. Yaani kabla mtoto hajafumbua macho, upande wa baba umeshachukua nafasi mbili kati ya tatu, na hakuna anayezigombea. Imebaki moja. Hiyo nayo tukiijaza kwa jina la babu mzaa baba, tunapata watoto wanaoitwa Gwakisa Lusajo Gwakisa: babu mwanzoni, babu huyohuyo mwishoni. Mama yuko wapi hapo?

Wodini, mtoto akizaliwa anafungwa plasta mkononi au mguuni. Imeandikwa "mtoto wa", kisha jina la mama. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza kabisa katika maisha yake. Baada ya muda mfupi plasta imetupwa, kadi ya kliniki imejazwa, na upande wa mama haumo tena katika jina la mtoto. Lakini mama huyohuyo ndiye atakayeitwa Mama Gwakisa maisha yake yote, sokoni Mwanjelwa, kanisani, kwenye kikoba. Anaitwa kwa jina ambalo hakuulizwa.

Kwetu Wanyakyusa kuna zito zaidi. Kwa desturi, mke hatamki jina la baba mkwe. Bibi zetu wakimwona mkwe njiani walikuwa wanapinda, wanajificha migombani hadi apite. Sasa mpe mtoto jina la mzee huyo, mama atamwitaje mwanawe? Nimekua nikisikia kina mama wa Rungwe wakiwaita watoto wadogo "tata" (yaani baba) au "mzee", kwa sababu jina lenyewe haliwatoki mdomoni. Kuna upendo mkubwa ndani ya wito huo, silikatai hilo. Lakini mwanamke kushindwa kulitamka jina la mtoto aliyemzaa mwenyewe, moyo wangu haujawahi kulikubali.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kuwa na jina, na jukumu la kumsajili ni la mzazi au mlezi. Kikao cha ukoo hakikutajwa. Hapa Mbeya ndiko ulikoanzia, mwaka 2013, mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Hata hivyo nawajua watoto waliotimiza mwaka bila cheti kwa sababu mashangazi hawajakubaliana.

Karibuni. Nipingeni kwa hoja.

MZEE WA KALENGA

Kijana, nimekusoma mpaka mwisho. Unagusa mzizi. Mkwawa, mtwa (mtawala) wetu Wahehe, alikufa mwaka 1898 kule Mlambalasi, Wajerumani wakachukua kichwa chake wakidhani wamemaliza kazi. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954. Miaka yote hiyo katikati, kaburi likiwa halina kichwa, nani alimtunza mtwa wetu? Jina lilimtunza. Mjukuu wake, Adam Sapi, alikuwa Spika wa Bunge la nchi hii akiitwa Mkwawa. Ukoo ukiacha kurithisha majina ya wazee wake, kizazi cha tatu hakijui kimetoka wapi. Tayari watoto wanaitwa majina ya kwenye tamthilia, na wewe unataka hata lile la kwanza lihame.

MUUGUZI, KYELA

Naomba niongeze jambo mlilolipita. Mtoto mchanga akilia siku mbili tatu mfululizo, wazee wanasema analilia jina, kuna marehemu anataka kukumbukwa. Wanaanza kumtajia majina moja moja, na lile atakalonyamazia ndilo lake.

Sipingi mtu kumkumbuka marehemu wake. Ninachoomba ni mtoto aletwe zahanati kwanza, majina yafuate. Akikataa kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, akipumua harakaharaka, akipata degedege, kitovu kikiwa chekundu na kinatoa usaha, huo ni ugonjwa na hausubiri kikao. Na kunyamaza peke yake kusiwadanganye. Mtoto aliyeishiwa nguvu naye hunyamaza, ninyi mkadhani jina limempata. Kina baba mnaojadili hapa, hilo mlibebe mpaka nyumbani.

MAMA WA WAWILI, MAKAMBAKO

Mleta mada, ubarikiwe. Mimi swali langu ni dogo. Marehemu mama yangu aliitwa Masumbuko. Alizaliwa wakati wa shida, bibi akampa hilo. Nina mimba ya miezi saba, mume wangu ameridhia tumrithi mama akiwa wa kike, ila mawifi wanasema jina hilo litamfuata mtoto. Mimi sioni masumbuko nikilisikia, naona mama yangu anachambua maharage mlangoni. Nifanyeje?

MLETA MADA

Mzee, shikamoo. Mfano wako ndio ninaoutaka. Adam Sapi Mkwawa: Sapi ni baba yake, Mkwawa ni babu yake. Lile la kwanza, Adam, halikuwa la Sapi wala la Mkwawa. Je, kuna mtu aliyewahi kuuliza Spika yule ametoka ukoo gani? Majina mawili ya nyuma yalibeba ukoo wote, yakafika nao bungeni. Ndicho ninachosema mimi: ukoo wa baba hautapotea, umeshajengewa nafasi yake. Unaopotea ni wa mama. Muulize kijana yeyote jina la babu yake mzaa mama, kisha la baba wa babu huyo. Wengi hawafiki la pili.

Dada Muuguzi, asante sana. Sina cha kuongeza, ila naomba wazee wanaosoma wakusome mara mbili.

Dada wa Makambako, pole kwa msiba wa mama. Bibi zetu wengi wana majina mawili, la nyumbani na la ubatizo. Kama mama alikuwa na la ubatizo unalolipenda, mrithishe hilo na atakuwa amerithiwa kamili. Lakini kama kwako mama ni Masumbuko, basi mwandike Masumbuko. Wapo kina Shida, Tabu na Majuto walioishi vizuri na kuheshimika, na jina linalotamkwa na mama kwa furaha kila asubuhi sioni litamdhuruje mtoto. Mawifi waelezwe kwa upole, na aeleze mume wako, usieleze wewe. Jambo moja tu: siku ya kwenda kuchukua cheti, liandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, majina yote matatu, umpe karani anakili. Kisha soma cheti hapohapo kabla hujaondoka. Herufi moja ikikosewa, mtakuja kuhangaika nayo kwenye vyeti vya shule na NIDA, na kurekebisha ukubwani ni viapo, wakili na gharama.

MZEE WA KALENGA

Marahaba. Hoja ya Adam nimeielewa, wala sina jibu la haraka. Kwa mtoto wa kike nakubaliana nawe, aanze kwa mama. Kwa wa kiume wa kwanza bado nasema abaki na babu yake, na wale wanaofuata mama yao achague. Zaidi ya hapo sisogei.