Tupeane uzoefu: kabla kamiyo haijatoka, nani anaikagua, na nani ana ruhusa ya kusema "leo haitoki"?

Fundi wa Katuba
Wandugu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na ninyi mliokwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, hamjambo.

Mimi ni fundi wa magari makubwa. Kamiyo nyingi zinazoingia garaji kwetu zina karatasi ya kontroli tekniki ambayo muda wake haujaisha. Nikijilaza chini nakuta tamburi (ngoma ya freni) ina ufa, mpira wa hewa umefungwa kwa kipande cha tyubu, pine (tairi) ya ndani imelika mpaka nyuzi zinaonekana. Karatasi inaeleza hali ya gari siku ile lilipopimwa. Tangu siku hiyo limebeba katodi (mabamba ya shaba) na chokaa, limekanyaga mashimo ya msimu wa mvua, na hakuna aliyeinama kulitazama tena.

Naomba kila mtu aeleze anachokagua mwenyewe, alichowahi kukuta, na yaliyompata aliposema gari lisitoke. Majina ya kampuni tuyaache.

Naanza na kinachonitisha kuliko vyote. Freni ya hewa ya nyuma ina springi kubwa ndani ya silinda. Hewa ikiwepo, inaisukuma springi nyuma na magurudumu yanakuwa huru. Hewa ikivuja, springi inajifungua na kubana freni yenyewe. Aliyeibuni alitaka gari lisilo na hewa lisiweze kutembea. Sasa kuna bolti ya kurudishia springi hiyo kwa mkono, ambayo kazi yake ni kuvuta gari lililokufa mpaka garaji. Nimekuta kamiyo zinafanya safari nzima bolti hizo zikiwa zimekazwa, kwa sababu hewa ilikuwa inavuja na mzigo ulikuwa unangojwa. Gari hilo hewa ikiisha kwenye mteremko halina kitu cha kulishika.

Shofele wa Safari Ndefu
Fundi, asante kwa kuanzisha. Mimi napita Kasumbalesa, Chingola, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde, halafu Tanzania mpaka Dar es Salaam.

Watu wanasema "kagua asubuhi". Sawa, lakini kwenye barabara yetu gari halilali usiku mmoja. Linakaa mpakani siku nyingi, linasogezwa hatua kwa hatua, vumbi linaingia, maji yanakusanyika kwenye matangi ya hewa, na mtu anaweza kukufungulia kitu usiku umelala. Kwa hiyo mimi nakagua upya kila gari linapotoka kwenye foleni, kana kwamba nimekabidhiwa leo. Navuta vikamba vya kumwagia maji chini ya matangi mpaka itoke hewa kavu. Maji yakitoka na mafuta mengi, najua kompresa inaanza kuchoka.

Halafu freni. Naweka vipande vya mbao kwenye magurudumu, nahakikisha hewa imejaa, naachia freni ya mkono. Boyi-shofele, msaidizi wangu wa safari, anachora alama ya chaki kwenye fimbo inayotoka kwenye silinda, pale inapoingilia. Nakanyaga. Anapima alama imesogea kiasi gani. Tunafanya hivyo gurudumu moja moja, na tela pia. Fimbo inayotoka mbali kuliko wenzake inamaanisha freni hiyo imelegea na haifanyi kazi yake, wenzake wanaibebea. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Ukienda Dar na katodi unashuka mteremko wa Kitonga huko Tanzania, ukirudi na salfa unashuka Iwambi kuingia Mbalizi. Pale zile freni chache zinazobana kweli zinapata moto, tamburi inapanuka, mguu unakwenda mpaka chini na gari haliitiki.

Na kuna wenzetu wanaoweka nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mazuti (dizeli) wauze. Injini ndiyo freni yako ya kwanza. Shuka na gia ndogo tangu juu, usingoje katikati, kwa sababu katikati gia haiingii tena.

Boyi wa Likasi
Mimi bado ni boyi-shofele, lakini naomba niseme kuhusu nati za magurudumu.

Shofele wangu alinifundisha kutazama rangi. Nati iliyolegea inatoa mchirizi wa kutu unaoshuka kwenye rimu, kama mstari wa machozi. Tulisimama Likasi kunywa chai, nikazunguka na chuma changu kugonga mapine, nikaona mistari miwili kwenye gurudumu la tela. Nikagusa nati moja kwa vidole, ikazunguka. Tulipofungua tukakuta bolti mbili zimekatika ndani kabisa, zimebaki vichwa. Gurudumu hilo lilikuwa limebadilishwa pine Lubumbashi na hakuna aliyerudi kukaza.

Tangu hapo sheria yetu ni moja. Pine ikifungwa Lubumbashi, Likasi tunasimama na kukaza tena, hata kama mvua inanyesha. Ni kilomita kama 120, na ndani ya umbali huo ndipo rimu inakaa mahali pake na nati zinaachia.

Kuhusu kugonga mapine: kwenye mapine mawili yaliyo pamoja, la ndani likiisha upepo hulioni, kwa sababu la nje linabeba. Sauti yake ndiyo inakuambia. Ukiliacha, linasuguana na mwenzake, linapata joto, na hapo ndipo moto unapoanza.

Mama wa Kamiyo Tatu
Watoto wangu, nimewasoma wote na nashukuru. Niko upande wa pili, mimi ndiye naitwa patro.

Marehemu mume wangu aliwalipa mashofele kwa safari. Nilipochukua kazi nikafuata alivyofanya. Baadaye shofele wetu wa siku nyingi, mzee wa heshima, akaja nyumbani akakaa, akaniambia: "Mama, siku kamiyo inapolala garaji, watoto wangu hawali." Nilifikiri sana juu ya neno hilo. Kama gari likisimama yeye anakosa chakula, nani atakuja kuniambia freni imeisha? Nitamwomba aseme ukweli huku nimeufanya ukweli kuwa njaa kwake?

Nikabadilisha. Sasa kuna mshahara wa mwezi na posho ya safari juu yake, na siku gari limesimama kwa ajili ya matengenezo posho ya chakula inatoka vilevile. Kila kamiyo ina daftari. Shofele anaandika kasoro kwa mkono wake, fundi anaandika alichofanya, mimi natia sahihi. Ukurasa ukiwa na kasoro ambayo fundi hajaitia alama, gari halitoki, hata mwenye mzigo apige simu usiku kucha. Nimepoteza mteja mmoja kwa hilo, na sikumfuata.

Matengenezo yamepanda miezi ya kwanza, siwafichi. Kisha mapine yakaanza kudumu zaidi, kwa sababu upepo unapimwa na ekseli zinanyooshwa mapema.

Mlangoni kwa Mgodi
Kazi yangu ni kukagua kamiyo kabla hazijaingia kupakia. Tuna orodha: mapine, taa, freni, mitungi ya kuzimia moto, pembetatu za onyo, minyororo ya kufungia mzigo. Fungu moja la katodi lina uzito wa zaidi ya tani 2. Mnyororo ukikatika kwenye kona, fungu hilo haliulizi nani anapita pembeni.

Niwaambie jambo ambalo mabosi wa ofisini hawalijui. Kamiyo zinaazimana. Ya kwanza inapita na mapine mazuri na mitungi mipya, inapakia, inatoka, inasimama mbele kidogo, na vitu vile vinahamia kwenye kamiyo inayofuata. Niliona mtungi wa moto wenye mkwaruzo uleule ukinijia kwenye magari matatu. Sasa naandika namba iliyochorwa kwenye kila pine na kwenye kila mtungi, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na nalinganisha na gari lililotangulia. Nilichukiwa. Mashofele waliniambia si wao, mwenye gari amenunua seti moja tu kwa magari yote. Nawaamini. Kwa hiyo gari likikataliwa, barua inakwenda kwa mwenye gari, na shofele simwandiki kama mkosaji.

Kwa asidi simsamehei mtu hata taa moja. Februari 2019, upande wa Tenke, kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, kamiyo ya asidi ya salfa iligongana na basi, wakafa watu wasiopungua 18. Abiria wa basi hawakuwa na sehemu yoyote katika kazi ya mgodi. Walikuwa wanasafiri tu.

Mwana wa Bukavu
Na sisi huku Kivu ya Kusini tuna Sange. Tarehe 2 Julai 2010 tangi la petroli lilipinduka pale kijijini, mafuta yakamwagika, moto ukawaka, wakafa zaidi ya watu 200. Kagueni na vifuniko na valvu za tangi, si magurudumu peke yake.

Mtoto wa Lushi, Marekani
Salamu kutoka mbali. Naendesha kamiyo huku, niwape sheria zao mzilinganishe.

Kabla ya kuondoka, shofele lazima aridhike kwamba gari liko salama. Jioni, kama ameona kasoro, anaiandika, kampuni inatia sahihi kwamba imetengenezwa, na shofele anayefuata anasoma na kutia sahihi yake. Kila miezi 12 kuna ukaguzi mkubwa wa kila sehemu. Pine za mbele zikibaki na kina chini ya milimita 3.2 hazifai, za nyuma ni 1.6. Mkaguzi anaweza kukusimamisha njiani akaingia chini ya gari. Akikuta asilimia 20 ya freni ni mbovu, gari halisogei mpaka litengenezwe hapohapo. Kamiyo ya ekseli tano ina freni 10, kwa hiyo mbili tu zinatosha kukusimamisha.

Ninayoipenda kuliko zote ilianza 2016: kampuni, hata mwenye mzigo, hawaruhusiwi kumlazimisha shofele aendeshe gari linalovunja sheria za usalama. Akilazimishwa anaweza kushtaki. Mama, daftari lako limefanya hivyo bila kungoja serikali. Nimekuheshimu sana.

Mkaaji wa Barabara ya Kasumbalesa
Mimi si wa kazi hiyo, naishi kando ya barabara na watoto wangu wanaivuka kwenda shule. Naomba mawili. Kamiyo ikiharibika usiku, matawi ya miti barabarani hayaonekani mpaka uyafikie. Wekeni kitu kinachorudisha mwanga, na mkiondoka ondoeni mawe mliyozuilia magurudumu. Pili, vioo. Kamiyo nyingi zina usukani wa kulia kwa ajili ya Zambia na Tanzania, na huku tunaendesha kulia. Shofele anayetaka kupita haoni anayekuja kabla hajajitokeza nusu nzima. Kioo kilichovunjika kwa gari kama hilo ni jambo la kulisimamisha.

Shofele wa Safari Ndefu
Mkaaji wa barabara, umesema kweli. Na boyi aliye kushoto awe macho, asilale. Yeye ndiye jicho letu huku nyumbani.

Mwenye Haraka
Haya yote mazuri, lakini vipuri? Pedi halisi bei yake inaua. Na mwenye mzigo anataka tubebe zaidi kila mwezi.

Fundi wa Katuba
Mukubwa, shida ya vipuri ni ya kweli. Pedi bandia naitambua kwa harufu baada ya mteremko mmoja na kwa unga mweusi mwingi ndani ya tamburi. Nunua chache zilizo nzuri, ubadilishe ekseli nzima, pande zote mbili. Ukiweka mpya upande mmoja gari litavuta upande ukikanyaga freni. Kuhusu uzito, Zambia na Tanzania kikomo ni tani 56, gari na mzigo pamoja, na mizani iko njiani. Ukizidisha huku kwetu, freni hazijui kwamba mizani iko mbali.

Kijana wa Kasumbalesa
Samahani wakubwa, nina swali la leo. Hewa ya kamiyo yangu inaisha usiku. Nikiwasha asubuhi inajaa polepole. Patro anasema kesho nipeleke chokaa Kolwezi, tutatengeneza nikirudi. Nifanye nini?

Fundi wa Katuba
Mdogo wangu, usitoke kesho asubuhi kabla hujafanya hili. Zuia magurudumu kwa mbao. Jaza hewa mpaka bari 8, zima injini, achia freni ya mkono, kanyaga freni, ngoja kipimo kitulie, halafu ushike dakika moja nzima. Ndani ya dakika hiyo kipimo kikishuka zaidi ya robo bari, gari halifai kwenda popote. Kipige picha kabla na baada, umtumie patro. Picha ni ngumu kubishana nayo kuliko maneno. Halafu chukua maji ya sabuni, upake kwenye viungo vyote, hasa pale mipira ya tela inapoungana na kichwa. Povu litakuonyesha. Mara nyingi ni raba ndogo ya kwenye kiungo, na hiyo inabadilishwa asubuhi hiyohiyo. Hewa ikivujia kwenye silinda au valvu, andika hapa usiku huuhuu. Na mtu yeyote akija na spana kukaza zile bolti za springi ili uweze kuondoka, mkatalie.

Mama wa Kamiyo Tatu
Mwanangu, na kama patro wako ni mtu wa kusikia, mpe simu aongee na mimi. Nitamweleza mwenyewe, mwenye gari kwa mwenye gari.